William Mulholland

William Mulholland (Belfast, Eire, 11 Septemba 1855 – Los Angeles, Marekani, 22 Julai 1935) alikuwa mhandisi aliyesimamia huduma ya maji ya mji wa Los Angeles, katika jimbo la California, kwa zaidi ya miaka 40.

Anajulikana hasa kwa mambo mawili. La kwanza ni mfereji wa Los Angeles wenye urefu wa kilomita 375, uliofunguliwa mwaka 1913, ambao uliuwezesha mji mdogo kwenye nchi kavu kuwa mmojawapo wa miji mikubwa ya Marekani. La pili ni kuvunjika kwa bwawa la St. Francis tarehe 12 Machi 1928, ajali iliyoua zaidi ya watu 400 na kumaliza kazi yake.

Maisha ya awali

Mulholland alizaliwa Belfast, mji ambao leo uko katika Eire ya Kaskazini, akalelewa Dublin. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta. Mama yake alifariki William akiwa na umri wa miaka 7, na baba yake akaoa tena. Alipofikia umri wa miaka 15 hivi aliacha masomo akawa baharia. Kwa miaka minne alivuka Bahari ya Atlantiki mara nyingi, na mwaka 1874 alishuka melini New York akabaki Marekani.

Huko alifanya kazi za namna nyingi: katika meli za Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, katika kambi za wakata miti za Michigan, na katika duka la mjomba wake mjini Pittsburgh. Baadaye alisafiri pamoja na ndugu yake Hugh kuelekea California. Kwa kuwa hawakuwa na nauli ya treni, walivuka shingo ya nchi ya Panama kwa miguu, kisha wakapanda meli kwenda kaskazini. Walifika Los Angeles mwaka 1877. Wakati ule mji ulikuwa na wakazi wapatao 9,000 tu.

Mwanzoni alichimba visima. Kwa maelezo yake mwenyewe, ni kuona mabaki ya miti ya kale yakitoka chini sana ya ardhi kulikomfanya apende jiolojia na uhandisi.

Mwangalizi wa mifereji

Los Angeles ilikuwa ikipata maji kutoka mto wenye jina hilohilo kupitia mifereji ya udongo iliyoanzishwa zamani za utawala wa Hispania. Mwaka 1878 Mulholland aliajiriwa na kampuni binafsi iliyouza maji mjini. Kazi yake ilikuwa kusafisha mfereji, kuondoa magugu na matope ili maji yapite. Aliishi katika kibanda kando ya mfereji, na usiku alisoma vitabu vya hisabati, mwendo wa maji na jiolojia. Hakuwahi kusoma chuo kikuu. Ujuzi wake wote aliupata kwa kusoma mwenyewe na kwa kazi.

Mwaka 1886 alikuwa msimamizi mkuu wa kampuni, akichukua nafasi ya rafiki yake Fred Eaton, ambaye baadaye alikuwa meya wa Los Angeles. Mwaka 1890 alimwoa Lillie Ferguson, wakapata watoto watano waliofikia utu uzima. Lillie alifariki mwaka 1915.

Mwaka 1902 mji uliinunua kampuni ya maji ukamwajiri Mulholland aendelee kuisimamia. Ramani kamili za mabomba hazikuwapo: ukubwa na mahali pa kila bomba vilikuwa kichwani mwake. Alisisitiza kila nyumba ifungiwe mita ya maji, na matumizi ya kila mkazi yakapungua sana.

Alijenga pia mabwawa ndani ya mji, likiwemo Silver Lake, ambalo ukuta wake ulijengwa kwa kusukuma udongo kwa maji hadi ukatulia na kushikana. Njia hiyo ilikuwa nafuu, na wahandisi wengine walikuja kuitazama.

Tatizo la maji ya mji

Los Angeles hupata mvua kidogo, takriban milimita 380 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha miezi ya baridi. Kwa hiyo mto wake hujaa kwa muda mfupi na kupungua wakati wa joto, ambapo mji unahitaji maji zaidi. Bwawa husaidia kwa kuhifadhi maji ya masika kwa ajili ya kiangazi, lakini haliwezi kuongeza maji ambayo mto hauna.

Wakazi waliongezeka kutoka 11,183 mwaka 1880 hadi 102,479 mwaka 1900, huku miaka ya ukame ikifuatana. Katika Julai 1904, kwa siku kadhaa maji yaliyotoka kwenye mabwawa yalizidi yale yaliyoingia. Mulholland aliona kwamba mji ungelazimika ama kuacha kukua ama kutafuta mto mwingine.

Mwaka huohuo Eaton alimpeleka kwenye bonde la Owens, mashariki ya milima ya Sierra Nevada. Mto Owens hulishwa na theluji inayoyeyuka milimani. Bonde liko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yangeweza kufika Los Angeles kwa mteremko peke yake, bila pampu hata moja.

Ununuzi wa ardhi

Eaton alinunua mashamba na haki za maji bondeni, na wakulima wengi waliouza hawakujua kwamba mnunuzi wa mwisho ni mji wa Los Angeles. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa ikichunguza mradi wa kumwagilia bonde hilohilo. Joseph Lippincott, afisa wa serikali aliyehusika na mradi huo, alikuwa pia akilipwa na Los Angeles kama mshauri. Mradi wa umwagiliaji uliachwa, na mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliunga mkono ombi la Los Angeles la kupitisha mfereji katika ardhi ya serikali.

Lawama nyingine ilihusu bonde la San Fernando, kaskazini ya mji. Kikundi cha matajiri kilinunua ardhi kavu huko kabla ya mfereji kujengwa. Miongoni mwao alikuwemo mwenye gazeti kubwa la mji, na pia mjumbe wa bodi ya maji. Maji yalipofika, thamani ya ardhi hiyo ilipanda mno, na mwaka 1915 sehemu kubwa ya bonde iliunganishwa na mji. Mulholland mwenyewe hakuonekana kutafuta utajiri katika mpango huo, lakini alijua maji ya ziada yangekwenda wapi.

Mfereji wa Los Angeles

Wapiga kura waliidhinisha mkopo wa dola milioni 1.5 mwaka 1905 kwa ununuzi wa ardhi, na wa dola milioni 23 mwaka 1907 kwa ujenzi. Kazi ilianza mwaka 1908 na wakati mwingine iliajiri watu karibu 4,000. Reli, barabara, nyaya za simu na kiwanda cha saruji vilijengwa kwanza jangwani. Mabomba mazito ya chuma yalivutwa na nyumbu, mara nyingine 52 katika msafara mmoja, kwa kuwa matrekta ya wakati huo yaliharibika upesi katika joto na vumbi. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuchimba handaki la Elizabeth, lenye urefu wa takriban kilomita 8, ndani ya milima. Wafanyakazi 43 walikufa katika mradi mzima.

Tarehe 5 Novemba 1913 makumi ya maelfu ya watu walikusanyika karibu na San Fernando kuona maji yakifika. Hotuba ya Mulholland ilikuwa ya maneno machache tu: aliwaonyesha maji na kuwaambia wayachukue. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha California kilimpa shahada ya heshima.

Mteremko uleule ulitumika pia kuzalisha umeme. Mtambo wa kwanza katika korongo la San Francisquito ulianza kazi mwaka 1917 na wa pili mwaka 1920. Mwaka 1930 Los Angeles ilikuwa na wakazi 1,238,048.

Mgogoro wa bonde la Owens

Kabla ya wakulima wazungu, bonde la Owens lilikaliwa na Wapaiute, waliokuwa na mifereji yao ya kumwagilia mimea. Mto uliishia katika ziwa Owens lenye maji ya chumvi, kubwa kiasi kwamba katika karne ya 19 meli ya mvuke ilibeba shehena ya madini juu yake. Baada ya mto kugeuzwa, ziwa lilikauka. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 lilikuwa uwanda wa chumvi na vumbi.

Miaka ya 1920 ukame ulirudi, na mji ukanunua mashamba na visima zaidi. Wakulima waliobaki walitaka kulipwa kwa ajili ya hasara ya bonde lote, si kwa shamba mojamoja. Mei 1924 sehemu ya mfereji ililipuliwa kwa baruti. Novemba mwaka huohuo kundi la wakazi lilikamata lango la mfereji na kumwaga maji kwa siku kadhaa, huku familia zikija na chakula kuwaunga mkono. Milipuko iliendelea mwaka 1927. Agosti mwaka huo benki ya ndugu Watterson, viongozi wa upinzani, ilifungwa, na wenyewe walihukumiwa kwa kutumia vibaya fedha za wateja. Wakazi wengi walipoteza akiba zao, na upinzani ukaisha.

Chanzo kimojawapo cha mgogoro kilikuwa suala la mahali pa kujenga bwawa. Sehemu iliyofaa zaidi ilikuwa Long Valley, kwenye sehemu ya juu ya mto. Bwawa kubwa hapo lingehifadhi maji ya miaka ya mvua nyingi, na mji usingehitaji kuchukua kila tone katika miaka ya ukame. Lakini ardhi ilikuwa mali ya Eaton, aliyeomba takriban dola milioni 1. Mulholland alikataa kulipa bei hiyo. Urafiki wao ulivunjika, na bwawa la Long Valley halikujengwa wakati wa uongozi wake.

Bwawa la St. Francis

Badala yake Mulholland alijenga mabwawa karibu na mji. Alikuwa na sababu nzito. Handaki la Elizabeth linavuka ufa wa San Andreas, ambapo tetemeko la ardhi lingeweza kukata mfereji; milipuko ya baruti iliongeza hofu hiyo. Mji ulihitaji akiba ya maji ya mwaka mzima upande wa kusini wa ufa. Bwawa la Hollywood, ambalo ukuta wake ulipewa jina la Mulholland, lilikamilika mwaka 1924. Mwaka huohuo ulianza ujenzi wa ukuta wa zege wa St. Francis katika korongo la San Francisquito, takriban kilomita 64 kaskazini-magharibi ya mji.

Wakati wa ujenzi Mulholland aliamua mara mbili kuongeza kimo cha ukuta, kila mara kwa takriban mita 3, ili bwawa libebe maji zaidi. Upana wa kitako haukuongezwa. Ukuta uliokamilika mwaka 1926 ulikuwa na kimo cha takriban mita 60, na bwawa liliweza kubeba takriban mita za ujazo milioni 47. Upande wa magharibi ulishikilia mwamba unaolainika ukilowa maji. Upande wa mashariki ulishikilia mwamba wa matabaka yanayoteleza. Wanajiolojia wa baadaye waligundua kwamba hapo palikuwa na maporomoko ya ardhi ya kale. Hakuna mhandisi wala mwanajiolojia wa nje aliyepewa kazi ya kukagua michoro. Sheria ya California ya wakati ule iliiachia miji yenye wahandisi wake kujenga mabwawa bila ukaguzi wa jimbo.

Bwawa lilijaa tarehe 7 Machi 1928. Asubuhi ya tarehe 12 mlinzi wa bwawa, Tony Harnischfeger, aliona maji ya matope yakivuja, akahofu kwamba maji yalikuwa yakila msingi. Mulholland alikuja na msaidizi wake, Harvey Van Norman, wakakagua kwa muda wa saa mbili hivi. Aliona kwamba matope yalitoka kwenye barabara mpya iliyokuwa jirani, na kwamba mivujo ilikuwa ya kawaida kwa bwawa kubwa. Alirudi mjini bila kuagiza maji yapunguzwe.

Karibu saa sita usiku ukuta ulivunjika. Maji yaliangamiza mtambo wa pili wa umeme pamoja na nyumba za wafanyakazi na familia zao, kisha yakaingia bonde la mto Santa Clara. Kambi moja ya wafanyakazi wa umeme ilipoteza watu 84. Katika mji wa Santa Paula wafanyakazi wa simu na askari wawili wa pikipiki waliamsha wakazi nyumba kwa nyumba, na wengi waliokoka. Baada ya saa tano na nusu na mwendo wa kilomita 87 maji yalifika Bahari ya Pasifiki. Harnischfeger na mtoto wake mdogo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Wengi wa waliokufa walikuwa wakulima na vibarua, wakiwemo Wamarekani wengi wenye asili ya Meksiko, ambao hawakuwa wakitumia maji ya bwawa hilo.

Uchunguzi na miaka ya mwisho

Mbele ya jopo la uchunguzi wa vifo, Mulholland alisema kwamba kama kulikuwa na kosa la kibinadamu, lawama iwe yake peke yake. Alisema pia kwamba aliwaonea wivu waliokufa. Jopo liliamua kwamba msingi wa bwawa haukufaa na kwamba lilikuwa kosa la uamuzi wa kihandisi. Halikupendekeza mashtaka ya jinai. Lakini lilisema ujenzi na uendeshaji wa bwawa kubwa usiachwe kamwe mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mashuhuri kiasi gani. Mji ulilipa fidia kwa familia za waliokufa na kwa waliopoteza mali.

Mulholland alistaafu mwishoni mwa 1928. Aliishi kimya, akionekana hadharani mara chache, na kufariki tarehe 22 Julai 1935 baada ya kupata kiharusi. Alizikwa Glendale, California.

Urithi

Mwaka 1929 California ilipitisha sheria iliyoyaweka mabwawa ya miji chini ya ukaguzi wa jimbo, na nyingine iliyowataka wahandisi wa ujenzi kusajiliwa. Ukuta wa Hollywood, uliofanana na ule wa St. Francis, uliongezewa udongo mwingi upande wa chini na kiwango cha maji kikapunguzwa. Bwawa la St. Francis halikujengwa tena.

Mwaka 1971 tetemeko la ardhi liliporomosha sehemu ya juu ya ukuta wa bwawa la San Fernando, lililojengwa wakati wa Mulholland kwa njia ya udongo uliosukumwa na maji. Ukuta uliobaki juu ya maji ulikuwa mwembamba, na watu wapatao 80,000 walihamishwa hadi maji yalipopunguzwa. Tukio hilo lilifanya mabwawa mengi ya aina hiyo yachunguzwe upya.

Bwawa la Long Valley lilijengwa hatimaye na kukamilika mwaka 1941, miaka 6 baada ya kifo chake. Liliitwa ziwa Crowley, kwa heshima ya padri John Crowley, aliyewahimiza wakazi wa bonde la Owens kutegemea uvuvi na utalii baada ya kilimo kufa. Ndilo bwawa kubwa kuliko yote ya mfumo huo, na hutumika kwa mambo kadhaa pamoja: akiba ya maji ya mji, umeme katika korongo lililo chini yake, na uvuvi wa samaki aina ya trauti. Kila mwaka msimu unapofunguliwa maelfu ya wavuvi hufika huko. Hata hivyo, maji yalipopelekwa kwenye mitambo ya umeme, mto katika korongo hilo ulikauka kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1941 mji ulianza pia kuchukua maji ya vijito vinavyoingia ziwa Mono, kaskazini zaidi. Kesi zilizofuata zilibadilisha sheria ya maji ya California. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba haki ya mji ya kuchukua maji lazima ipimwe pamoja na faida ya umma ya ziwa lenyewe. Mahakama nyingine zilitumia sheria ya zamani inayomtaka mwenye bwawa kuacha maji ya kutosha ili samaki walio chini ya ukuta wabaki katika hali nzuri. Mwaka 1994 Los Angeles ilipangiwa kiwango cha chini ambacho ziwa Mono linapaswa kurudishiwa. Sehemu ya chini ya mto Owens ilianza kupata maji tena Desemba 2006. Juu ya ziwa Owens lililokauka, mji umetumia zaidi ya dola bilioni 1 kuzuia vumbi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kurudisha maji kidogo pale yalipotolewa.

Mjini Los Angeles barabara ya milimani ya Mulholland Drive, iliyofunguliwa 1924, na chemchemi ya ukumbusho ya mwaka 1940 zina jina lake. Filamu ya Chinatown ya mwaka 1974 ilichukua baadhi ya visa vyake, lakini ilibadilisha wakati na watu. Mfereji wenyewe ungali unafanya kazi, na maji yake bado yanafika mjini kwa mteremko bila kupigwa pampu.